Mbao ya Bunduki ya Guga

Riruta, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mpendwa Baba Isaya,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Mama aliyekuzaa na Kavosa wetu na wote walio hapo bomani. Mimi niko mzima, ni miguu tu inavimba jioni kwa ajili ya zile ngazi za Kileleshwa, lakini nikiiinua juu ya kiti inatulia. Mgongo wako je? Ile dawa ya kupaka ilifika, ama yule kijana wa basi aliisahau tena? Na ng'ombe amezaa? Kavosa mwambie nimeona barua yake na mwandiko umekuwa mzuri kuliko wangu, ingawa hiyo si kazi ngumu.

Najua utashangaa kupata barua na simu zipo. Simu nimeiogopa. Siku ile tulipoongea ulipandisha sauti, nami nikapandisha, mwisho ukakata, na mengi sikuyasema. Mengine pia hayasemwi kwa simu mahali ninapokaa. Ukuta ni mwembamba, jirani akikohoa namwambia pole. Kwa barua utanisikia mpaka mwisho. Ukikasirika iweke chini, enda uangalie ng'ombe, halafu urudi usome.

Ni habari ya mbao ya bunduki ya marehemu baba yako, Guga wa watoto wetu. Nakuambia mapema ndio moyo wako usikimbie: haijakatwa, haijauzwa, haijachomwa. Lakini haiko vile ulivyoituma. Na aliyeibadilisha si Isaya. Ni mimi. Sasa soma pole pole.

Ulipoitia kwa gunia la mahindi ukampa Isaya aje nayo, ulimwambia atengeneze shingo tu, pale ilipopasuka siku ya kumzika ndugu yako Zakayo, wakati vijana walikuwa wanakimbiza ng'ombe na yule aliyeibeba mbele ya jeneza akaanguka nayo. Isaya hakukataa. Aliifunga kwa blanketi akaiweka chini ya kitanda, akingoja klampi nzuri, ile ya kubana mbao, irudi pale karakana ya Mwangi, huyo mwenye kazi ya fanicha aliyemwajiri hapa Naivasha Road. Kosa la kwanza ni langu. Jumamosi sikuwa na kazi, nikaona nifagie chini ya kitanda, nikaitoa. Baba Isaya, ilikuwa chafu. Moshi wa nyumba ya Mama, mavi ya kuku, na lile grisi la zamani limeshikana ndani ya ule mfereji mrefu mahali chuma cha bunduki kilikuwa kikilala. Unanijua. Mimi kazi yangu ni kuosha. Nikachukua sabuni na waya wa sufuria nikaisugua kama sufuria ya ugali.

Nimesugua nusu ya mfereji ndio nikaona kuna kitu. Chini ya grisi kulikuwa na alama zimekatwa na kisu, fupi fupi, zimepangwa kama vile mtu anahesabu. Nilihesabu kumi na moja. Lakini mahali nilipoanzia kusugua mbao ilikuwa imekuwa laini, na hapo sijui zilikuwa ngapi. Labda zilikuwa tatu, labda hakukuwa na kitu. Nilikaa chini na ule waya mkononi. Miaka yote hiyo niliyoolewa hapo sijawahi kusikia mtu akitaja alama. Guga mwenyewe alinieleza mambo ya hiyo mbao nikiwa bado bibi arusi, vile baada ya vita alipewa kazi ya stoo ya bunduki, vile zile kuukuu zilikatwa chuma vipande vipande, na mbao zikapelekwa jikoni kwa mpishi ziwe kuni, naye akaomba moja. Alama hakutaja. Nikafikiri, mimi na waya wangu nimefuta kitu ambacho hakuna mtu amekisoma.

Kosa la pili lilifuata hapo hapo. Ilikuwa imelowa maji, kwa hiyo nikaianika kwa kamba kule juu ya gorofa, katikati ya shuka. Nikaifunika na leso, lakini upepo nao una kazi yake. Mtoto wa mtu akaona kitako na ile shaba ya nyuma inang'aa. Kabla ya saa kumi ploti yote, kila mpangaji, ilikuwa inajua kwa Mama Isaya kuna bunduki.

Jumapili keateka alikuja, huyu Bonface anayeangalia ploti. Si mtu mbaya. Alisimama mlangoni hakutaka kuingia, akaniambia, "Mama Isaya, mimi sijasema uko na bunduki. Nasema watu wanasema." Nikamwonyesha mbao, nikamwambia chuma kilikatwa zamani hata mama yake hajazaliwa. Akaitazama kwa mbali. Akasema sasa hata kuniambia nifagie ngazi anaogopa. Tulicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akanipa mpaka Jumapili hii ya leo. Ama hiyo kitu iwe imekatwa, watu waone ni kuni, ama iwe imetoka, ama yeye aende aripoti, kwa sababu ikijulikana alijua akanyamaza, atashikwa yeye pia. Nilimwelewa. Ana watoto.

Jumatatu Isaya akaipeleka kazini, akamwonyesha Mwangi. Mwangi hakuzungusha maneno. Alimwambia aikate hapo hapo vipande vitatu, shingo atengenezee mkongojo, ile sehemu pana iwe kigoda, na shaba aigonge juu kama urembo, mzee nyumbani atafurahi. Isaya alirudi amebeba wazo hilo na uso umechoka. Ndio jioni tukakupigia. Nilikuwa nimeweka simu kwa sauti ili tusikie wote wawili, hukujua. Uliposema mtu akitia msumeno kwa kitu cha baba yako asirudi kwa hilo boma, Isaya alikuwa amekaa kando yangu na kijiko mkononi. Alikiweka kwa sahani. Hakula tena.

Sisemi ulikosea. Hiyo mbao imetangulia mbele ya kila mwanamume wa hapo tuliyemzika, na wewe unataka siku yako ikutangulie pia. Najua. Lakini sasa uone pale niliposimama. Mtoto akiiacha nzima, wanaweza kumshika na hiyo kitu nyumbani kwetu, na unajua vijana wanavyoshikwa huku, maswali yanakuja baadaye. Akiikata, amejifungia mlango wa kwao. Usiku huo alilala amegeukia ukuta. Mimi sikulala.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya Loresho. Yule mzee ninayempikia alikuwa hakimu kabla hajastaafu, nilishakwambia. Nimemfanyia kazi miaka minne, sijawahi kumletea shida yangu. Nilimwekea chai nikabaki nimesimama. Akaniuliza nimevunja nini. Nikamweleza yote, hata ule waya. Alisukuma chai kando. Halafu akaniambia nisikate na nisifiche. Alisema sheria haiangalii tu kama kitu kinatoa risasi, inaangalia pia kama ni kipande cha bunduki, na wenye kuamua hilo si mimi, si Bonface, na si yeye tena. Akasema niibebe mchana, mimi na mtoto, tuipeleke kwa askari tukaulize wenyewe. Aliandika karatasi ya kutusindikiza.

Baba Isaya, nilitaka kumuuliza kama amewahi kuwa maskini mbele ya geti la polisi. Sikumuuliza. Nilisema asante nikaenda kumenya viazi.

Isaya alikataa kabisa. Aliniambia, "Mathe, unataka nijipeleke mwenyewe na bunduki kwa mkono?" Nikamwambia itakuwa kwa gunia, na gunia nitabeba mimi. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini asubuhi nilipoamka alikuwa amevaa shati la kanisa.

Jumatano tukashuka mjini. Nilikuwa nimeilaza kwa gunia, juu nikaweka sukuma wiki. Sijui ni kwa nini nilifanya hivyo, mtu anayekwenda kusema ukweli hafichi na mboga. Kila askari tuliyempita kutoka stendi mpaka geti la polisi nilimsalimia, hata wale wa benki. Isaya alikuwa ananiambia huku amebana meno, "Wacha kusalimia watu."

Getini kijana mmoja askari akauliza tumebeba nini. Nikasema sukuma. Akauliza na chini yake. Nikasema mbao. Mbao ya nini? Ulimi wangu ukakosa njia nyingine, nikasema mbao ya bunduki.

Alirudi nyuma hatua mbili. Mkono wake ulienda mahali mkono wao huenda. Akaniambia niweke gunia chini pole pole, na Isaya apige magoti, mikono juu ya kichwa. Na mtoto wako akapiga magoti pale kwa lami, na shati la kanisa, watu wanapita wanaangalia. Mimi nikaanza kuongea. Nilimweleza mazishi ya Zakayo, nilimweleza ng'ombe, nilimweleza Guga na mpishi na kuni, yote yakitoka pamoja, na ile karatasi ya hakimu naipeperusha hewani. Yule kijana hakusoma. Alikuwa anaangalia gunia tu. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa naangalia shingo ya Isaya kwa nyuma, ile alama yake ya kuzaliwa, nikasema moyoni, mbao hii kama ni ya kuchukua mtu basi inichukue mimi.

Mwenye kutuokoa alikuwa mama mmoja askari, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alitoka ndani, akafungua gunia yeye mwenyewe, akaweka sukuma kando vizuri, akaitoa. Akaigeuza. Akachungulia ndani ya mfereji. Akafungua kile kilango kidogo cha shaba kwa kitako, unakijua, na kale kachupa ka mafuta ka Guga kakatoka na kamba yake ya kusafishia. Akacheka peke yake. Akamwambia kijana, mwinue huyu mtoto.

Ndani alitupa kiti. Akaniuliza mtutu uko wapi. Nikamwambia ulikatwa mimi sijaolewa. Akaniambia maneno ambayo ninataka uyasome mara mbili, kwa sababu mimi nimeyarudia wiki yote. Alisema, "Mama, mimi nakuamini. Lakini yule atakayemsimamisha kijana wako barabarani hatakuwa na nafasi ya kukuamini."

Akatupa njia mbili. Ya kwanza, tuiache hapo, ichomwe, tusaini twende. Ya pili, ile pete ya chuma ya mbele ibaki kwake, na mfereji wote ujazwe mbao ngumu, na tundu la kufyatulia pia, ibandikwe na gundi isiyotoka, ili mtu yeyote asiweze kulaza chuma humo tena maisha yake yote. Tuirudishe Ijumaa kabla ya saa sita, aikague, aipige picha, atuandikie karatasi ya kutembea nayo. Kitako kibaki, shaba ibaki, umbo libaki. Nilimuuliza kama tunaweza kutia mfuniko wa kufunga na kufungua, kwa ajili ya alama. Akasema hapana. Ikifunguka ni bunduki.

Tulitoka hapo. Isaya alinunua maji, akanipa mimi kwanza. Halafu akasema, "Tukijaza hakuna mtu ataziona tena." Nikamwambia hata zikiwa wazi hakuna mtu alikuwa anaziona. Hakupenda jibu langu, hata mimi sikulipenda. Lakini ndilo nilikuwa nalo.

Nilijaribu kukupigia mara tatu siku hiyo. Ulikuwa umezima. Labda ni betri. Labda ni hasira. Sikuulizi.

Alhamisi niliomba ruhusa Kileleshwa nikaenda naye karakana. Isaya alikuwa ametafuta mbao inayofanana, akapata mvule wa kitanda cha zamani, rangi ile ile karibu. Baba Isaya, laiti ungeona kazi ya mtoto wako. Hakugusa mbao ya Guga na msumeno hata mara moja, alikata ule mvule tu. Anapiga randa, anajaribu, anatoa, anapiga tena kiasi cha unyoya mmoja, mpaka ile fimbo ya mvule ikaingia kwa mfereji ikakaa bila kelele. Ile shingo iliyopasuka aliifunga vizuri, huwezi kuupata ule ufa hata kwa kucha. Mwangi mwenyewe alikuja akasimama nyuma yetu, hakusema kitu juu ya kigoda tena.

Kabla ya kujaza nililaza karatasi juu ya zile alama nikasugua na penseli, vile watoto wanafanya na shilingi. Zimetoka zote kumi na moja. Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Mpelekee Mama, umwongoze kidole alama moja moja kama macho hayaoni. Kama anajua ni watu ama ni miezi ama ni nini, Kavosa aandike. Na umwambie Mama ukweli kwamba zingine nilizifuta mimi, kwa kutojua. Nitakuja kumwambia mwenyewe pia.

Basi ikabaki gundi. Isaya akachovya brashi, akaisimamisha juu ya mfereji, na mkono ukakataa. Alikaa hivyo mpaka gundi ikadondoka kwa meza. Akaniambia, "Mzee alisema nisirudi." Nikamwambia baba yako alisema msumeno. Akaniambia, "Mathe, wewe unajua alichosema."

Nilijua. Ndio nikachukua brashi. Nilimwambia atoke nje akanunue chai. Alipotoka nilipaka gundi mimi, kutoka juu mpaka chini, alama moja moja, nikiomba msamaha kwa Guga kwa lugha ya nyumbani. Nikalaza ule mvule, nikaupiga na nyundo ya mti vile nilivyomwona akifanya, nikakaza klampi mpaka viganja vikauma. Tundu la kufyatulia pia nililijaza mimi. Mimi ni mtu wa kuolewa hapo. Damu ya Guga sina. Kama kuna neno juu ya mkono uliobadilisha kitu chake, hilo neno litafute huu wangu, lisiingie kwa mtoto. Isaya alirudi na chai tatu, akakuta mfereji umefungwa. Aliona mikono yangu. Akanishikisha kikombe.

Ijumaa yule mama askari aliigeuza geuza kwenye mwanga, akajaribu kuchokonoa na bisibisi, haikutoka. Akatupa karatasi yenye muhuri na picha. Bonface nimemwonyesha leo asubuhi. Alisoma yote, hata mahali pameandikwa tarehe, akaniambia sasa nifagie ngazi.

Mbao iko tayari, Baba Isaya, imefungwa kwa blanketi pamoja na karatasi yake. Inaweza kusafiri kesho. Tatizo ni wa kuileta. Nimemwambia Isaya aje nayo mwisho wa mwezi, akasema nitume kwa mizigo ya basi. Nikamuuliza yeye je. Akasema ana kazi. Hana kazi mwisho wa mwezi, Mwangi ameniambia. Anaogopa mlango wako. Ana miaka ishirini na nne na anaogopa mlango wa kwao, nami siwezi kumpakia gundi hapo.

Nisalimie Mama sana, mwambie nimempatia ile leso ya kahawia aliyotaka. Nisalimie mjane wa Zakayo, aache kubeba maji peke yake na tumbo lile. Msalimie mchungaji, na mwalimu wa Kavosa, na yule jirani wa juu aliyekusaidia kuvuna. Kavosa mbusu kichwani kwa niaba yangu.

Kwangu ukikasirika, kasirika. Nitakuja Desemba na unaweza kunifokea siku mbili nzima nikikupikia. Lakini leo ukimaliza kusoma hapa, washa simu umpigie mtoto. Usianze na mbao. Usimwambie umemsamehe, maana hajafanya kitu. Muulize tu kama amekula.

Ni mimi mke wako anayekuombea,
Rhoda, Mama Isaya